Fungueni Kabati, Tufundisheni Kupapasa

Siku tatu nilikaa na bodi ya Raspberry Pi 3, waya mbili, na taa moja ndogo ya LED iliyokataa kuwaka. Nilikuwa naandika kerneli yangu mwenyewe, ndogo tu, mistari haifiki mia, kwa ajili ya kazi ya muhula. Kama wengi wetu, nilianzia kwenye desa. Desa likasema rejista za kuwashia pini ziko kwenye anwani 0x20200000 na kuendelea. Nikaandika pale. Kimya. Nikasoma tena nilichoandika, nikakikuta kilekile. Nikajiridhisha kwamba rejista ipo, tatizo ni waya. Nikabadilisha waya. Nikabadilisha taa. Nikamlaumu hadi aliyeniuzia taa.

Kumbe desa liliandikwa kwa ajili ya Raspberry Pi ya kwanza. Kwenye Pi ya kwanza, eneo la vifaa linaanzia 0x20000000. Kwenye Pi 2 na Pi 3 limehamia 0x3F000000, na kwenye Pi 4 liko 0xFE000000. Anwani niliyokuwa naihangaikia, kwa bodi yangu, ilikuwa katikati ya kumbukumbu ya kawaida ya gigabaiti 1. Sikuwa nagusa pini yoyote. Nilikuwa naandika kwenye RAM, na RAM kazi yake ni hiyohiyo: ukiipa kitu inakitunza, ukikiomba inakurudishia.

Kilichoniuma ni hiki. Rejista ya kuwashia pini kwenye bodi ile ni ya kuandikiwa tu, haina desturi ya kukurudishia ulichoandika. Ule ushahidi nilioutegemea kwamba nimepatia ndio uliokuwa ushahidi kwamba nimekosea. Nilipapasa gizani, nikashika kitu, nikakiita jina nililolitaka mimi.

Wiki hiyohiyo mwenzangu wa darasa alikuwa anajaribu bodi nyingine ya ARM. Akasoma rejista moja tu, hakuandika chochote. Bodi ikaganda palepale, hakuna ujumbe wa hitilafu, hakuna neno. Fundi wa maabara alipopita akaikuta kimya, akahitimisha imekufa. Kesho yake tukakuta tangazo mlangoni: bodi zote zimefungiwa kabatini, wanafunzi watumie programu ya kuigiza bodi kwenye kompyuta za maabara mpaka hapo litakapotolewa tangazo jingine. Tangazo jingine halijatoka mpaka leo.

Naandika kusema kwamba uamuzi ule, pamoja na nia yake njema, una makosa. Dawa ya wanafunzi wanaopapasa vibaya ni kuwafundisha kupapasa vizuri. Na ufundi huo upo, una historia, una kanuni zake, na unafundishika.

Nianze na wale ambao somo hili hawajalifikia. Prosesa inaongea na vifaa kama kadi ya mtandao, saa, pini na bandari za mawasiliano kwa kusoma na kuandika kwenye anwani maalumu. Anwani hizo ndizo rejista. Kwa macho zinafanana na kumbukumbu ya kawaida: ni namba, unasoma, unaandika. Ndiyo maana mwanafunzi anayetoka kwenye programu za kawaida anaingia humu akiamini kwamba kusoma hakuna madhara. Tumezoea hivyo. Kufungua faili na kuliangalia hakulibadilishi faili.

Kwenye rejista, kusoma ni kitendo. Chukua chipu ya mawasiliano ya UART ya 16550, ambayo imezaa ukoo mkubwa wa chipu za aina yake. Ukisoma rejista yake ya kupokea, herufi uliyoisoma inatoka kwenye foleni. Umeichukua, mwingine hataipata. Ukisoma rejista ya hali ya laini, alama za makosa zinafutika. Yaani ukipita tu "kuangalia kama kuna kitu," umekunywa maji ya mwenye nyumba na umefuta alama za nyayo za aliyetangulia.

Na nyayo nazitaja kwa makusudi, maana mimi ni mtu wa Karatu. Ukipanda kutoka kwetu ukaingia Hifadhi ya Ngorongoro, mbele huko kusini mwa bonde la Oldupai, kuna Laetoli. Mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilifukua pale nyayo za viumbe wa jamii ya binadamu waliotembea juu ya majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.6 iliyopita. Nyayo zile zilidumu muda wote huo kwa sababu zilikuwa zimefunikwa. Siku zilipofunuliwa ili zisomwe, ndiyo siku zilipoanza kuwa hatarini kwa mvua, jua na miguu ya watu. Zikafukiwa tena kuzilinda. Lakini udongo wa kufukia ulikuja na mbegu za migunga. Miti ikaota, mizizi ikaanza kushuka kuelekea kwenye tabaka lenye nyayo. Katikati ya miaka ya 1990 Idara ya Mambo ya Kale, ikishirikiana na Taasisi ya Getty ya Marekani, ikabidi waiondoe miti ile kwa uangalifu na kufukia upya, safari hii kwa udongo na vitambaa vilivyochaguliwa ili kuzuia mizizi.

Sasa sikiliza walichofanya waliofuata. Ilipopangwa kujengwa makumbusho Laetoli, timu ya Watanzania na Waitaliano chini ya Profesa Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam haikusema "pasiguswe," wala haikuleta greda. Mwaka 2014 na 2015 walichora gridi juu ya eneo, wakachimba mashimo 62 ya majaribio, kila moja mita 2 kwa 2, taratibu mpaka kwenye tabaka la majivu. Ndani ya mashimo hayo wakakuta nyayo nyingine 14 za viumbe wale wa kale, za watu wawili, umbali wa mita kama 150 tu kutoka zile za 1978. Huko ndiko kupapasa kwa mtu anayejua kwamba anachokitafuta kinaweza kuharibiwa na mkono unaokitafuta.

Waandishi wa kerneli walijifunza somo hilohilo kwa njia yao, na kwa gharama. Miaka ya 1990 kompyuta nyingi zilikuwa na kadi za ISA, ambazo hazikuwa na njia ya uhakika ya kujitambulisha. Draiva ililazimika kwenda kubisha mlango kwa mlango. Kadi za mtandao za NE2000 zilipenda kukaa kwenye anwani 0x300, lakini na kadi nyingine ziliweza kukaa hapohapo. Kadi ya NE2000 yenyewe ilikuwa na bandari ambayo ukiisoma tu inaanza upya. Draiva ya kifaa kimoja ikipapasa kifaa cha mwingine, kompyuta inaganda kabla hata haijamaliza kuwaka. Ndiyo maana Linux iliwapa watumiaji neno la kuandika wakati wa kuwasha, reserve=, likifuatiwa na anwani: eneo hili draiva zisipapase.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likaja la laptop za ThinkPad. Programu za lm_sensors, zinazotafuta vipima joto kwenye njia ya I2C, zilipita zikiuliza kila anwani swali fupi kabisa: upo? Kwenye baadhi ya laptop hizo kulikuwa na chipu ya kumbukumbu aina ya AT24RF08. Chipu ile haikulielewa swali hilo kama chipu nyingine. Data iliyohifadhiwa ndani yake ikavurugika, na kompyuta zikagoma kuwaka. Swali lisilo na neno hata moja la kuandika liliharibu mashine. Baada ya hapo programu ikawekewa kinga ya kutopapasa mashine za aina ile.

Kwa hiyo hofu ya fundi wetu ina msingi, sibishi. Lakini angalieni dunia ilifanya nini baada ya ajali hizi. Haikuacha kupapasa. Iliweka kanuni, nami nazikusanya katika nne.

Ya kwanza, muulize mwenyeji kabla ya kupapasa. Siku hizi bodi nyingi za ARM zinakuja na mti wa vifaa, faili linaloiambia kerneli kifaa gani kipo, kwenye anwani gani, na kinatumia saa ipi. Kompyuta za kawaida zina jedwali za ACPI. Kadi za PCI zina namba ya mtengenezaji mahali panapojulikana. Anwani niliyoikosa siku tatu inaweza kupatikana kwenye mti wa vifaa wa Pi 3. Kuuliza si ujinga, ujinga wangu ulikuwa kuuliza desa badala ya kuuliza bodi.

Ya pili, funga kamba kabla ya kuingia majini. Mjomba wangu ni dereva wa watalii pale Karatu. Kipindi cha masika, kwenye njia ya kushuka Mang'ola kuelekea Ziwa Eyasi, makorongo yanajaa. Mjomba akifika kwenye korongo lenye maji haingizi gari kwa kubahatisha. Anashuka, anapima kina kwa fimbo, na kabla ya kupita anafunga kamba kwenye gari la mwenzake lililobaki ng'ambo hii. Kamba inafungwa kabla. Gari likishazama, ni nani atapiga mbizi kwenye matope kutafuta ndoano?

Kerneli nazo zinafanya hivyo. BSD za miaka ya 1980 kwenye kompyuta za VAX zilikuwa na fanksheni iliyoitwa badaddr. Unaipa anwani, yenyewe inajiandaa kwa hitilafu, inajaribu kusoma, kisha inakurudishia jibu kama anwani ile ni mbovu au nzima, badala ya mashine nzima kudisko. Linux ina jedwali lake la hitilafu, lenye jozi za anwani: amri iliyopo hapa inaweza kuanguka, ikianguka endelea na kazi kuanzia pale. Juu ya jedwali hilo imejengwa fanksheni ya kusoma kumbukumbu kwa tahadhari, ambayo zamani iliitwa probe_kernel_read na mwaka 2020 ikapewa jina la copy_from_kernel_nofault. Wazo ni lilelile la mjomba. Unaamua utatokea wapi kabla hujaingia.

Ya tatu, lishuku jibu. Ukisoma nafasi tupu ya PCI kwenye kompyuta nyingi hupati hitilafu, unapata biti zote zikiwa moja, 0xFFFF. Huo ni mwangwi wa sauti yako, hakuna mtu ndani. Ndiyo maana namba hiyo hakupewa mtengenezaji yeyote. Na mimi nilidanganywa na RAM iliyonirudishia maneno yangu. Dawa yake niliikuta kwenye draiva ya UART ya Linux, na ni nzuri kweli. Inatunza kwanza thamani iliyokuwemo kwenye rejista, inaandika sifuri na kusoma, inaandika 0x0F na kusoma, kisha inarudisha ya mwanzo. RAM ya kawaida ingefaulu mtihani huo. Kwa hiyo draiva inaongeza swali: inaiweka chipu katika hali ya kujisikiliza yenyewe kwa kuandika kwenye rejista moja, halafu inakwenda kusoma rejista nyingine kuona kama imebadilika inavyotakiwa. RAM haiwezi kufaulu hapo, maana kwenye RAM ukiandika chumba namba 4, chumba namba 6 hakijui. Swali zuri la kupapasa ni lile ambalo mwenyeji halisi pekee ndiye anaweza kulijibu.

Ya nne, jua mahali kamba haifiki. Bodi ya mwenzangu iliganda kwa sababu kifaa alichokisoma kilikuwa kimezimiwa saa yake ili kuokoa umeme. Kwenye chipu nyingi za namna hiyo, ukisoma kifaa kilicholala prosesa inabaki inasubiri jibu ambalo halitakuja. Hakuna hitilafu ya kudaka. Kwenye ARM ya biti 64 kuna na hitilafu zinazoweza kufika zikiwa zimechelewa, prosesa ilishapita amri iliyozisababisha, na jedwali lako halina la kukusaidia. Hapo kinga pekee ni kanuni ya kwanza: soma mti wa vifaa, washa saa ya kifaa, ndipo uguse rejista yake.

Sasa turudi kwenye kabati.

Nimesikia hoja mbili za wanaotaka libaki limefungwa. Ya kwanza ni kwamba bodi ni ghali na bajeti ya idara ni ndogo. Kweli. Bumu letu wenyewe haliwezi kununua bodi, tunalijua hilo kuliko mtu yeyote. Lakini tutofautishe kuganda na kufa. Pi inayowaka kutoka kwenye kadi ya SD ikiganda, unachomoa umeme na kuchomeka. Mfumo ukivurugika, unaandika kadi upya. Vinavyoua bodi vinafahamika na havifiki kumi: kuandika kwenye rejista za kupandisha volti, kuandika kwenye kumbukumbu za kudumu za chipu, kuandika kwenye biti zinazochomwa mara moja tu, na kuunganisha waya wa volti 5 kwenye pini ya volti 3.3. Orodha hiyo inaenea kwenye karatasi moja ukutani.

Hoja ya pili ni kwamba programu ya kuigiza bodi inatosha. Naitumia na naipenda, kwa kuanzia ni nzuri mno. Shida yake ni upole. Kwenye QEMU vifaa vingi ambavyo waandishi hawajaviigiza vimewekewa kizibo: ukisoma unapata sifuri, ukiandika hakuna kinachotokea. Saa zilizozimwa kwa kawaida hazigandishi kitu. Mwanafunzi anamaliza muhula akiwa na kerneli inayopita vizuri juu ya makosa ambayo bodi halisi isingemsamehe. Anafaulu UE, anakwenda field, na huko anakabidhiwa kifaa cha watu chenye kazi ya watu. Mara ya kwanza anaganda akiwa mbele ya mteja. Sisi tumeokoa bodi ya maabara tukaihamisha ajali kwenda mahali ambapo ni ghali zaidi.

Kuna hoja ya tatu ambayo haisemwi kwa sauti, nayo ni kwamba wanafunzi ni wazembe. Hapo nakubali sehemu, nikianza na mimi. Nilinakili anwani bila kuuliza ni ya bodi gani. Lakini hakuna aliyekuwa amenifundisha kuuliza. Mihula minne nimefundishwa rejista ni nini na nimeulizwa tafsiri yake kwenye mtihani. Hakuna kipindi hata kimoja kilichosema: ukiwa hujui kama kifaa kipo, fanya hivi, kisha hivi, na usifanye hivi.

Ninachoomba ni kidogo na kinatekelezeka muhula ujao. Vipindi viwili vya maabara kabla ya mtu kukabidhiwa bodi, vya kanuni hizi nne kwa vitendo. Kila mwanafunzi asome anwani mbovu kwa makusudi, kamba ikiwa imefungwa, aone hitilafu inadakwa. Halafu aisome bila kamba aone bodi inavyodisko, aiwashe upya kwa mkono wake mwenyewe. Daftari la kuazima bodi lenye safu moja ya ziada: "Mti wa vifaa nimeusoma, anwani ninazogusa ni hizi." Karatasi ya vinavyoua bodi ukutani. Na swichi ya umeme kwenye kila meza, maana wiki ile tungekuwa nayo tangazo lisingebandikwa.

Kwenu wanachuo wenzangu: bodi zikirudi, tusirudi na madesa yaleyale. Fungueni nyaraka ya chipu mliyoishika, siyo ya chipu iliyofanana nayo. Someni kabla ya kuandika, na kabla ya kusoma jiulizeni kusoma kwenyewe kunafuta nini.

Taa yangu iliwaka, kwa taarifa yenu. Nilibadilisha tarakimu chache tu za mwanzo, 0x20 ikawa 0x3F. Bodi ya mwenzangu nimeiona juzi kupitia kioo cha kabati. Imebandikwa karatasi yenye neno moja, MBOVU. Si mbovu. Inahitaji mtu aichomeke.